Nani Afufuliwe Mghange?

Mwaka 2009 Tommy Wirkola wa Norwe alitoa filamu iitwayo Død snø. Walioiona huku kwetu, nao ni wachache, wanaijua zaidi kama Dead Snow. Wanafunzi wa udaktari wanakwenda likizo ya Pasaka katika kibanda cha mlimani karibu na Øksfjord, kaskazini kabisa, mahali ambapo simu haishiki. Chini ya sakafu wanakuta sanduku la dhahabu. Dhahabu ina wenyewe: askari wa Kijerumani wa Vita vya Pili, waliopotelea kwenye theluji pamoja na kamanda wao Herzog, na wenyewe wameamka. Kuanzia hapo ni damu juu ya theluji na kicheko juu ya damu. Kuna mwanafunzi mmoja anayeogopa damu ilhali anasomea udaktari. Anaumwa mkononi, anaukata mkono wake mwenyewe kwa msumeno wa injini asije akageuka zombi, anashusha pumzi, halafu anaumwa tena mahali ambapo hapakatiki.

Ninachotaka kijadiliwe ni kama filamu ya namna hiyo inaweza kutengenezwa Mghange, huku juu kwenye vilima vya Taita, na ikiwezekana, nani hasa atoke kaburini. Nimeigawa hoja kwa sauti nne. Usiende Wundanyi ukawatafuta. Ni maneno yanayosikika kila wanapotajwa wafu na sinema, nami nimeyavisha watu. Kijana hupiga video za harusi na mazishi. Mama anauza chai na mahamri, na Jumapili yuko kwenye kwaya. Mwalimu alifundisha historia hadi akastaafu. Mzee ni mzee. Mimi nitaingilia nikishindwa kujizuia.

KIJANA: Nianze na theluji, maana ndiyo kila mtu ananirushia. Hatuna theluji. Tuna ukungu. Mwezi wa saba ukungu ukishuka, Mghange Dawida unamsikia ng'ombe kabla hujamwona, na watoto wanakwenda shule na masweta mawili. Theluji katika ile filamu ina kazi mbili: kuwafungia watu mahali pamoja na kuifanya damu ionekane. Ya kwanza ukungu wetu unaifanya bure. Ya pili tutaona. Hadithi ninayo tayari. Ni Desemba, binamu wametoka Nairobi, wameshuka Voi na treni ya SGR, wakapanda matatu mpaka Mwatate, Wundanyi, halafu huku juu. Wana spika kubwa na kreti za soda. Bibi amewaambia wasikatize msituni jioni. Wanakatiza.

MAMA: Na simu zao?

KIJANA: Hapo ndipo ninapokwama. Kule hakuna mtandao. Hapa mtu atatuma M-Pesa huku anakimbizwa.

MAMA: Basi na atume, hilo peke yake lingenichekesha. Lakini nisikilize, mwanangu. Mwaka 2023 tulikaa mbele ya televisheni tukitazama Shakahola. Watu wa Pwani yetu hii hii wanafukuliwa mmoja mmoja, kila jioni hesabu imepanda, mpaka ikapita mia nne. Wamejinyima chakula kwa kuambiwa wanakwenda kumwona Yesu. Hata leo nikimwona mtu kwenye taarifa amevaa nguo nyeupe za plastiki na glavu, mkono unaniachia kikombe. Na wewe unataka uniletee mfu anayetoka mchangani nicheke. Wewe unayeshuti mazishi, umeshawahi kumwona mtu anacheka jeneza likishuka?

KIJANA: Likishuka, la. Lakini usiku wa matanga, mama, watu wanacheka mpaka wanashikilia mbavu. Kanda ninazo. Anasimama mjomba anasimulia marehemu alivyojificha darini siku mwenye deni alipokuja, na mwenye deni mwenyewe yupo pale, anacheka kuliko wote.

MAMA: Kicheko cha matanga ni cha watu wanaomjua marehemu. Mgeni akicheka vile tunamtoa nje.

MZEE: Mnaongea kana kwamba mfu kutoka kaburini ni jambo la Wazungu. Wadawida wa vilima hivi walikuwa wakiwatoa. Mtu akishazikwa na muda wake ukafika, wenye ukoo walikifukua kichwa chake, wakakipeleka pangoni, kwenye mwamba wa ukoo, kikapangwa pamoja na wenzake. Wazee wakaenda pale na pombe ya mbangara wakasema nao. Mvua imechelewa. Mtoto hapati nafuu. Ndugu wawili hawasemezani. Nani alikimbia? Wamishonari walipofika, Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, mambo hayo yakaanza kuonewa aibu, na mwisho yakaachwa. Lakini mafuvu yapo mapangoni hadi leo, na wageni hupelekwa kuyatazama. Kwa hiyo filamu yako, mjukuu wangu, hapa itakufa dakika ya kumi. Mfu anatoka msituni, bibi anamuuliza: wewe ni wa ukoo gani?

Lazima niseme jambo. Mzee amedhani ameiua filamu, kumbe amempa Kijana onyesho la kwanza linalostahili kutengenezwa. Hofu ya sinema za mazombi imejengwa juu ya imani kwamba aliyezikwa amekwisha kuwa kitu kingine, hatuhusiani naye. Mahali ambapo babu alifukuliwa kwa heshima na kupewa nafasi kavu chini ya mwamba, hofu hiyo haina pa kusimama. Bibi anayemuuliza mfu ukoo wake hafanyi mzaha. Anafuata utaratibu, na mfu asiyeweza kujibu swali hilo ndiye mwenye tatizo.

KIJANA: Na kutasa je, babu? Si nasikia hasira ilikuwa inatolewa moyoni kwa kupuliza pombe mdomoni huku mtu anatamka? Mimi naona silaha hiyo. Wenzetu wana msumeno. Sisi mjomba anapuliza mbangara, mazombi wanasimama, lakini haikamiliki mpaka aungame kwamba ni yeye aliyesogeza mpaka wa shamba la ndugu yake. Hataki. Mazombi wanakaribia. Bado hataki!

MZEE: (anacheka) Hataki kabisa. Huyo namjua. Lakini hilo ulicheke kwa adabu. Kutasa ilikuwa sala.

MAMA: Na pangoni hamuingii na kamera. Hilo nalisema sasa ili lisije likasahaulika.

MWALIMU: Mzee ameniondolea mzigo, niendelee alipoishia. Zombi huyu anayeuma na kuambukiza ni wa juzi. Alitengenezwa Marekani mwaka 1968 na George Romero. Kabla yake zombi alikuwa wa Haiti, na yule hakumuuma mtu. Alifanywa mfu ili amlimie mtu shamba bila ujira, usiku na mchana, asiulize. Hilo lilikuwa jinamizi la watu waliotoka utumwani: kwamba hata kifo hakitakutoa shambani kwa bwana. Jirani zetu wa Tanzania wana msukule, naye ni ndugu wa yule. Watu wanazika gogo, wanasimuliana, mwenyewe yuko kwa mchawi analima.

KIJANA: Na wamemtengenezea sinema mwalimu, wale! Banda la video pale Voi limeonyesha sana kanda za Bongo za wachawi na majini.

MWALIMU: Najua. Sasa Wirkola alifanya nini? Alimchukua zombi wa Romero, akamchanganya na draugr, mfu wa hadithi za kale za kwao anayelinda mali yake kaburini. Ndiyo maana ile dhahabu. Kisha akamvika sare ya Kijerumani, na sare hiyo hakuiokota tu. Wirkola amezaliwa Alta, mkoani Finnmark, na Øksfjord iko Finnmark. Mwaka 1944 Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma mbele ya Warusi waliuchoma mkoa huo, nyumba kwa nyumba, gati kwa gati, wakawaswaga watu kwa maelfu kwenda kusini. Wengine walikataa, wakaupitisha msimu wa baridi mapangoni. Mjukuu wa mtu wa pangoni anaponunua tiketi kumwona afisa wa Kijerumani akitolewa matumbo, anamcheka anayemjua. Mama, hicho ni kicheko chako cha matanga.

MAMA: Mm. Hapo umenishika kidogo.

KIJANA: Basi na sisi tunao wetu! Wajerumani walikuwa hapa katika Vita vya Kwanza. Waliingia Taveta Agosti 1914, vita havijamaliza hata mwezi. Wakakaa kilima cha Salaita mwaka mzima na zaidi. Mahandaki yapo. Mimi nimeshuti pale na ndege isiyo na rubani, unaona mstari wa mfereji kilimani kama kovu.

MZEE: Na mbuyu upo, karibu na Salaita, wenye matundu ya risasi. Wanasema alikuwa anajificha humo mwanamke wa Kijerumani, mlenga shabaha, analipiza kisasi cha mume wake.

KIJANA: Mnaona? Mwanamke zombi ndani ya mbuyu. Norwe hawana mbuyu.

MWALIMU: Ya mbuyu iache kwenye hadithi. Lakini Salaita yenyewe ilikuwa kichekesho kilichoua watu. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Waafrika Kusini, vijana wapya kabisa, ilipelekwa kukiteka kilima. Mizinga ikapiga kileleni, na Wajerumani na askari wao Waafrika hawakuwa kileleni; walikuwa kwenye mahandaki chini. Waafrika Kusini walikuwa wameambiwa kwamba mtu mweusi hawezi kusimama mbele yao. Walirudi mbio. Waliowafunikia mafungo ni Wabaluchi wa jeshi la India, ambao wale vijana walizoea kuwaita makuli. Husimuliwa kwamba kesho yake Wabaluchi waliwarudishia bunduki za rashasha walizozitupa, na ujumbe: tafadhali msituite makuli tena.

MAMA: (anacheka) Hiyo uiweke, Kijana. Hiyo uiweke ilivyo.

Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Kijana amefurahi mapema. Nyika yetu haijawahi kukosa filamu ya kutisha. Simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 walitengenezewa The Ghost and the Darkness mwaka 1996, ikiwa na Val Kilmer na Michael Douglas. Ilipigwa picha Afrika Kusini. Simba wenyewe, waliokaa miaka mingi wakiwa mazulia, wako kwenye kabati la vioo Chicago. Yaani hofu imetoka kwetu, picha zimetoka kwingine, na mnyama yuko kwa mtu wa tatu. Ndiyo maana sioni ni upuuzi kubishana nani afufuliwe Mghange. Usipochagua mwenyewe mfu wako, atakuja mtu amchague, tena atamshuti Cape Town.

MWALIMU: Sasa niharibu furaha. Kijana anataka Mjerumani awe ndiye Herzog wa Taita. Je, nani alichoma nyumba hapa?

MZEE: Kasighau.

MWALIMU: Kasighau. Mwaka 1915 Wajerumani walikiteka kituo cha Waingereza pale. Waingereza wakaamua kwamba Wakasighau ndio waliowasaliti. Vijiji vikachomwa, watu wakapelekwa Malindi. Mtu wa mlimani, mwenye maji ya chemchemi na hewa baridi, akashushwa kwenye joto na malaria ya Pwani. Wengi walifia huko. Waliosalia hawakurudi kwao mpaka miaka ya 1930. Ukitaka Finnmark ya Taita, ni hiyo. Na aliyewasha kiberiti hakuwa adui. Alikuwa serikali.

(Hapa watu wote wanne walinyamaza, na hata mimi ninayewaandikia maneno nilikosa la kuwapa kwa muda.)

KIJANA: Basi nina majeshi mawili. Wajerumani wanatoka Salaita, Waingereza wanatoka Maktau, wanakutana huku juu kwenye ukungu, wanaendelea na vita vyao. Miaka zaidi ya mia wanapigania Taita, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye Taita. Wenyeji wamekaa juu ya mwamba na sahani zao za kimanga wanatazama. Mmoja anauliza, wamemaliza? Mwingine anamwambia, bado.

MZEE: Na wakimaliza wataikuta imeshagawanywa. Zaidi ya nusu ya kaunti ni mbuga ya Tsavo. Wakitoka mbugani, wako kwenye mkonge. Zombi atatembea siku mbili akitafuta mahali ambapo haambiwi amevuka mpaka wa mtu.

MAMA: Askari wa wanyamapori atamwandikia faini kwa kuingia bila tiketi.

Natumaini msomaji ameona kilichompata Mama. Alikuja kupinga, na sasa anaandika filamu. Hilo si kushindwa. Pingamizi lake la kwanza limesimama pale pale, na ndilo linaloongoza mizaha yote iliyofuata: wamcheke wanayemjua.

KIJANA: Nina swali la kiufundi. Herzog na wenzake walifia kwenye baridi, ndiyo maana wana barafu usoni. Wetu walikufaje? Siwezi kuwapaka unga.

MWALIMU: Kwa kiu. Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa wanatuma vikosi vidogo kutoka upande wa Kilimanjaro, wavuke nyika kwa miguu wakatege mabomu kwenye reli ya Mombasa. Wanatembea usiku, wanajificha mchana, maji ni yale waliyobeba. Kamanda wao mwenyewe, Lettow-Vorbeck, aliyewatuma, aliandika kwamba wapo waliokunywa mkojo wao. Kuna ambao hawakurudi. Wamo humo humo nyikani, kati ya Mghange Nyika na reli, mpaka leo.

KIJANA: Midomo imepasuka, ulimi umevimba. Vizuri. Kwa hiyo hawataki nyama ya mtu. Wanataka maji.

MAMA: Watapata wapi?

KIJANA: Si ndio! Wanapanda mlima kwa sababu wamesikia sauti ya maji. Wanafika kwenye bomba la kijiji alfajiri, kanali mbele, upanga mkononi, meno nje. Wanakuta mitungi hamsini imepangwa foleni tangu saa tisa usiku.

MAMA: Nami ni wa kumi na mbili. Kanali akijaribu kupita mbele... (anasimama, anaonyesha) ...Wewe! Hata kama umekufa. Nyuma kule!

MZEE: Na maji yenyewe hayajatoka.

MWALIMU: Hayajatoka, na chemchemi ya Mzima imo ndani ya kaunti yetu, na tangu miaka ya 1950 mabomba yake yanapeleka maji Mombasa. Kanali anaelezwa hayo. Anauliza, nani aliruhusu? Anaambiwa, hao mliokuwa mnapigana nao.

KIJANA: Anakaa kwenye mtungi analia. Mwisho wa sehemu ya kwanza.

Nalikubali onyesho hili kuliko yote. Dead Snow inapwaya pale inapokonyeza watu waliokariri filamu za zamani, na hufanya hivyo mara nyingi. Mmoja wa wale wanafunzi ni mpenzi wa sinema na amevaa fulana ya filamu nyingine ya mazombi, basi tunatakiwa tucheke kwa kuitambua fulana. Nguvu yake iko kwenye dhahabu. Kila anayekimbizwa anakimbizwa kwa sababu ana kitu cha mtu mfukoni. Foleni ya maji ina nguvu hiyo hiyo. Zombi ana haja, haja yake ni ya haki, na imemkuta mtu mwenye haja kama yake aliyewahi kufika.

MAMA: Lakini kuna watu mmewaruka. Mwalimu, hao Wajerumani na Waingereza, masanduku yao nani alibeba?

MWALIMU: Nilikuwa nangoja aulize mtu. Wapagazi. Kariakoo, walivyoitwa. Waliokusanywa kutoka kila wilaya, wengine kwa kukamatwa tu, wabebe risasi, unga na viti vya maafisa. Makumi ya maelfu walikufa, na risasi hazikuwa sababu kubwa. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa posho ya unga ambao haukuiva. Nendeni makaburi ya kijeshi Voi, Maktau, Taveta. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, jina na cheo na tarehe. Mpagazi hayumo. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na wengine pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote.

KIJANA: Hao ndio mazombi wangu, basi! Wanatoka maelfu kwa maelfu...

MAMA: La.

KIJANA: Mama...

MAMA: Nimesema la. Babu yake mtu amekamatwa, amebebeshwa, amekufa kwa kuhara njiani, hakuzikwa, kichwa chake hakikupelekwa popote. Leo umfufue umpake matope umfanye dubwana la kukimbiza watoto wa Nairobi? Mara ya kwanza walimtumia bure. Wewe unamtumia mara ya pili.

MWALIMU: Mama ana hoja, na ni hoja ya Haiti. Mpagazi alikuwa zombi akiwa hai.

KIJANA: Nipeni nafasi nijitetee. Wirkola alitoa ya pili mwaka 2014. Humo yule aliyejikata mkono anaamka hospitalini ameshonewa mkono wa Herzog kimakosa, na mkono ule una uwezo wa kufufua. Anafufua nani? Mateka wa Kisovieti waliouawa na Wajerumani. Mateka wa namna hiyo walikuwapo kweli kule kaskazini, wakifanyishwa kazi za suluba, wakafa kwa maelfu. Wanaamka, na hawamkimbizi mtu mwema. Wanamwendea Herzog. Kwa hiyo mpagazi kufufuka haimaanishi awe dubwana. Anaweza kufufuka akiwa na haki yake.

MZEE: Atafufukaje, na hakuzikwa?

Swali hilo la Mzee nililipitia mara kadhaa, na sidhani kama kuna anayeweza kulijibu kwa kamera. Lakini Mama, ambaye hana haja na nadharia, alilizunguka.

MAMA: Asifufuke. Aachwe apumzike. Wafufuke maafisa peke yao. Kanali anatoka kaburini na masanduku yake, viti vyake, birika yake, bafu yake ya turubai. Anapiga filimbi. Hakuna anayekuja. Anapiga tena. Hawezi kubeba hata sanduku moja, hajawahi kubeba. Basi hawezi kwenda vitani. Hawezi kutisha mtu. Anabaki anazunguka vijijini anatafuta wa kumbebea.

KIJANA: (polepole) Anabisha hodi mlango kwa mlango.

MAMA: Na kila nyumba anaambiwa, ngoja kwanza, yule wa mwisho uliyemchukua hapa yuko wapi?

MZEE: Hapo nimekubali.

MWALIMU: Mimi nina wasiwasi mmoja. Waliolala Taveta chini ya mawe ni vijana wa miaka ishirini, na bado kuna jamaa zao wanaokuja kutoka Afrika Kusini na Uingereza kuweka maua. Kanali sawa. Lakini yule kuruta aliyekimbia Salaita na kiatu kimoja?

MAMA: Huyo mpeni chai. Nitamuuzia mwenyewe. Aseme mama yake anaitwa nani.

KIJANA: Kuna walionitangulia, msidhani nabuni peke yangu. Kati Kati ya Mbithi Masya, mwaka 2016, yote ni watu waliokufa wamekwama kwenye loji katikati ya nyika, na ilipata tuzo Toronto. Ile ni ya huzuni, inakwenda taratibu. Na Uganda, Nabwana IGG pale Wakaliga amefanya Who Killed Captain Alex? kwa pesa ambazo hazijengi choo, na kuna mtu anaropoka juu ya picha mwanzo hadi mwisho, anawacheka waigizaji, anawasifu, anawaonya. Mimi nataka kilio cha ile na mdomo wa hii. Kama DJ Afro, mropokaji wetu wa sinema, angepata kanali anayetafuta mpagazi, angesema nini?

MZEE: Mazombi wataongea lugha gani?

MWALIMU: Wajerumani wa Lettow walizungumza Kiswahili na askari wao. Kanali wako ana lafudhi mbaya, lakini tusi linaeleweka.

MZEE: Na bibi amjibu kwa Kidawida. Asitafsiriwe. Walio Nairobi waulize wenzao.

MAMA: Damu iwe kidogo. Bodi ya filamu isije ikaweka alama ya watu wazima, wajukuu wangu wakakosa kuniona.

KIJANA: Kukuona? Mama, unaigiza?

MAMA: Nani mwingine atasema "Nyuma kule"? Lakini kwanza niambie. Hiyo foleni ya maji unahitaji watu wangapi?

KIJANA: Kama arobaini. Na wa kubeba masanduku ya kanali kupandisha hapa kutoka barabarani, kumi. Ni mazito kweli, nimeyaazima kwa fundi seremala.

MAMA: Utawalipa ngapi?

KIJANA: Ndiyo tunaanza, mama. Tukiuza, tutaangalia. Kwa sasa kuna chai na chakula cha mchana.

MAMA: Yaani posho.

KIJANA: ...Na nauli.

MAMA: Nauli ya kwenda, au ya kwenda na kurudi?